Mtoto "mwenye nguvu" apimwe kwanza, asitembezwe minadani

Ndugu Mhariri,

Tunaandika kuhusu watoto wanaosemekana kuwa na nguvu zinazopita za binadamu: anayesoma namba ya noti akiwa amefungwa kitambaa machoni, anayeonyesha mwamba wenye dhahabu, anayeshika kichwa cha mgonjwa na maumivu yakaisha, anayenyoosha kidole na kumtaja mchawi wa kijiji. Dodoma na jirani zetu wa Singida tuna mazingira yanayowavuta wenye biashara hii. Tuna minada inayozunguka, tuna machimbo madogo yanayofunguka na kufungwa, na tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo ghala huwa tupu Januari na Februari. Mjomba wa mbali anayefika na gunia la mahindi mwezi Januari na kuomba "kumsaidia" mtoto mwenye karama hakataliwi kirahisi.

Ombi letu ni moja: mtoto wa namna hiyo apimwe kwa utaratibu kabla hajaaminiwa, na mtu mzima anayekataa kipimo ndiye ahojiwe. Kipimo chenyewe ni rahisi, na tutakieleza kwa urefu ili shule au ofisi yoyote ya kijiji iweze kukifanya. Lakini kwanza lazima ieleweke kazi yenyewe inafanywaje.

Tuanze na kufungwa macho, kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi kwenye video za simu. Kitambaa cheusi, hata kikikunjwa mara nne, huacha mwanya kando ya pua, kwa kuwa pua imeinuka na shavu limeingia ndani. Mtoto akitazama chini kupitia mwanya huo anaona vizuri kitu kilichoshikwa usawa wa kifua. Ndiyo maana huinua kidevu kidogo, au huomba "kuinusa" karatasi, au huisogeza upande mmoja wa pua. Kuongeza pamba hakusaidii: mtoto aliyefundishwa hukunja uso wakati anafungwa, kisha huulegeza, na mwanya unaongezeka. Nchini India wazazi wameuziwa mafunzo ya "kuamsha ubongo wa kati" wa watoto wao kwa kutumia mwanya huuhuu. Njia ya kuuziba ni kuacha kuhangaika na kitambaa na kushughulika na kitu kinachosomwa. Shika kipande cha boksi chenye upana wa sentimita 40 hivi chini ya kidevu cha mtoto ili asione chochote kilicho chini yake, au inua karatasi juu ya usawa wa paji la uso. Usomaji unakoma hapohapo.

Pale ambapo kitambaa kimezibwa kweli na mtoto bado anataja namba, msikilize msemaji, yaani yule mtu mzima anayezunguka kwenye umati akikusanya vitu. Tuseme wamekubaliana maneno tisa: sema ni 1, haya ni 2, tuambie ni 3, upesi ni 4, mwanangu ni 5, tazama ni 6, sasa ni 7, je ni 8, vizuri ni 9, na kukaa kimya kidogo ni sifuri. Msemaji anashika noti ambayo namba yake inaishia na 274, anapaza sauti: "Haya sasa, upesi!" Umati unamsikia baba anayemhimiza mwanawe. Mtoto amesikia 2, 7, 4. "Sema, mwanangu, vizuri" ni 159. Orodha nyingine ya maneno inataja vitu: pete, simu, funguo, kitambulisho. Siku hizi maneno yanaweza hata yasihitajike, kwa sababu simu ndogo iliyofichwa kiunoni na kuwekwa kwenye mtetemo inafikisha ujumbe uleule. Mbinu ni ya zamani sana. Mwaka 1846 Jean-Eugène Robert-Houdin aliwashangaza watu wa Paris pamoja na mwanawe Émile, aliyekuwa akitaja vitu huku amefungwa macho. Tofauti ni kwamba Robert-Houdin alijitangaza kuwa ni mwanakiinimacho, na watu walilipia kiinimacho. Hatuna ugomvi na sanaa hiyo.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni hili: mtoto anayeweza kushika orodha mbili au tatu za maneno kama hayo, akazitumia mbele ya watu 300 bila kutetemeka, akasoma uso wa mtu na kujua amegusa ukweli, ana kipaji kweli. Wenye biashara hawachukui mtoto yeyote. Wanamtafuta mwenye kumbukumbu kali na moyo wa jukwaani. Mtoto huyo ndiye ambaye mwalimu wake wa darasa la nne angemwandaa kwa shule ya vipaji maalumu: kwa wasichana ipo Msalato hapahapa Dodoma, pamoja na Kilakala na Tabora Wasichana, kwa wavulana zipo Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora. Njia ya kufika huko ni ufaulu wa juu wa darasa la saba, na ufaulu huo haupatikani kwa mtoto anayekosa shule kila siku ya mnada. Anayepotea hapa ni mwanafunzi bora.

"Miujiza" mingine inatoka dukani. Manjano ya kupikia hugeuka nyekundu kama damu ikikutana na magadi, majivu au sabuni ya kufulia. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya manjano na kukaushwa hubaki na rangi hafifu. Mtoto anakipangusa kwa mkono uliolowa maji ya magadi, na "uchawi" wa mgonjwa unaonekana ukitoka. Wakikamulia limau, unjano unarudi, nao wanasema damu imesafishwa. Hiyo haimdhuru mtoto. Ya moto inamdhuru. Moto unaowaka bila kiberiti hutokana na punje za pamanganeti ya potasiamu zinazomwagiwa glisirini, vitu viwili vinavyouzwa kihalali, kimoja kwa kusafishia na kingine kwa ngozi. Moto huo hauna saa. Asubuhi ya baridi au punje zikiwa kubwa unaweza kukawia hata dakika nzima. Mchana wa joto na unga uliosagwa, unalipuka kwa sekunde chache. Unapokawia, mtoto huinama kutazama, na hapo ndipo uso na macho yanapoungua. Mwalimu aangalie ncha za vidole: pamanganeti huacha madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni, na manjano hubaki pembeni mwa kucha. Hakuna adhabu wala swali mbele ya darasa. Ni jambo la kuandika na kulifuatilia.

Kwenye machimbo mtoto hutumiwa kuonyesha pa kuchimba. Wilaya ya Iramba wanachimba dhahabu tangu enzi za Wajerumani, Mpwapwa walishuhudia watu wakimiminika Winza kufuata rubi mwaka 2008 hivi, Haneti kuna krisopresi. Mahali penye madini ya kweli ndipo uongo unapouzika, kwa kuwa mtoto akionyesha sehemu kumi katika eneo lenye mwamba mzuri, mojawapo itatoa kitu hata angeonyesha akiwa amelala. Tisa zinasahauliwa. Kuna ubaya mkubwa zaidi: mwenye shimo lisilo na kitu anapandikiza vumbi kidogo la dhahabu kwenye udongo, mtoto anaongozwa hadi hapo, karai linaoshwa mbele ya mnunuzi, na shimo linauzwa. Mnunuzi akishagundua, anayetafutwa kwa hasira ni mtoto "aliyedanganya", huku mwenye shimo ameshaondoka. Mnunuzi mwenye busara achukue sampuli mwenyewe, kutoka sehemu anazochagua yeye, kwa kina tofauti, azifunge mbele ya macho yake na azipeleke maabara bila kuzipitisha kwenye mkono wa muuzaji.

Na kuna kidole kinachomtaja mchawi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi imeua pia bibi zetu wenye macho mekundu, wekundu ambao umetokana na kupika kwa kuni maisha yote. Mganga anayeogopa sheria anaweza kumweka mtoto mbele, kwa sababu watu hawamshuku mtoto na polisi hawamfikirii. Anamtajia jina usiku, asubuhi mtoto analitaja mbele ya ukoo. Chini ya Sheria ya Uchawi, kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa, na aliyempa mtoto jina hilo hawezi kujificha nyuma ya kanzu ya mtoto.

Shinikizo linalomweka mtoto kwenye kazi hii ni gumu kuliona kwa sababu mara nyingi halina fimbo. Mtoto anaambiwa kwamba akifichua, nguvu zitamgeukia mama yake. Anafungishwa kiapo. Analazwa na njaa kabla ya maonyesho ili aonekane ameingiwa. Zaidi ya yote, anajua kwamba wadogo zake wanakula kwa kazi yake. Akisema ukweli leo, kesho sufuria haipandi jikoni. Hakuna mtoto wa miaka tisa anayeweza kuubeba mzigo huo. Marjoe Gortner, Mmarekani aliyetawazwa mhubiri akiwa na miaka 4, alieleza ukubwani kwamba alikaririshwa mahubiri neno kwa neno, na alipokataa mama yake alimziba pumzi kwa mto au kumweka kichwa chini ya maji ya bomba. Kipigo kingeacha alama, naye alitakiwa kusimama mbele ya watu. Ofisa anayekagua mwili wa mtoto na kukuta hauna kovu asiandike kwamba mtoto yuko salama.

Madhara yanadumu. Mwaka 1848, huko Hydesville katika jimbo la New York, mabinti wawili wa familia ya Fox, Margaret na Kate, walianza "kuzungumza na mizimu" kwa milio ya kugonga. Dada yao mkubwa, Leah, aliwachukua na kuwasimamia kwenye maonyesho ya kulipiwa. Mwaka 1888 Margaret alipanda jukwaani na kuonyesha kwamba milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vyake vya miguu. Mwaka uliofuata aliyakana maelezo hayo na kurudi kwenye kazi ileile. Wote wawili walikufa maskini, Kate mwaka 1892 na Margaret mwaka 1893. Hawakuwa wamefundishwa kazi nyingine.

Sasa kipimo. Tunachukua mfano wa mtoto anayedaiwa kuona kilichofichwa, kwa kuwa ndio unaoweza kugeuzwa kwa madai mengine. Vifaa ni vikombe 10 vya plastiki visivyopenyeza mwanga, vinavyofanana na ambavyo havijawahi kuwa mikononi mwa wahusika. Sarafu moja ya shilingi 200. Vipande 10 vya karatasi vyenye namba 1 hadi 10 ndani ya kofia. Meza, daftari, na vyumba viwili.

Kabla ya kugusa kikombe, andikeni dai. Mtoto anaona nini, akiwa umbali gani, anapatia mara ngapi katika kumi, na anahitaji nini ili nguvu zifanye kazi: sala, ngoma, kuelekea mashariki. Chochote kisicho na madhara apewe. Anayemsimamia asaini kwamba masharti ni ya haki na kwamba matokeo yatahesabiwa. Ukurasa huu ndio unaorukwa mara nyingi, na ukirukwa kazi yote imepotea, kwa maana mtoto akishindwa mtaambiwa pete ya mtu fulani ilizuia, au mwanamke aliye siku zake alikuwapo.

Kisha fanyeni majaribio matatu ya wazi. Sarafu iwekwe chini ya kikombe, mtoto na msimamizi wakitazama, naye aseme kama "anaiona". Atasema ndiyo. Muulizeni msimamizi: nguvu zipo leo? Akisema zipo, iandikwe. Hatua hii ndogo ndiyo inayofunga mlango wa visingizio.

Ndipo majaribio ya siri yaanze. Kundi la kwanza, watu wawili, wanachota namba kutoka kwenye kofia, wanaweka sarafu chini ya kikombe chenye namba hiyo, wanaandika, wanafunga daftari, na wanatoka kwa mlango mwingine bila kukutana na mtoto. Karatasi inarudishwa kofiani kila mara. Kundi la pili, ambalo halijui sarafu ilipo, linamleta mtoto, linapokea jibu, linaliandika kwa wino, na ndipo vikombe vinafunuliwa. Msimamizi anakaa nyuma ya mtoto, kimya, simu yake ikiwa mezani. Rudieni mara 20, na mkubaliane idadi hiyo kabla ya kuanza. Kwa kubahatisha tu mtoto atapatia mara 2 hivi. Kupatia mara 7 au zaidi kwa bahati tupu kungetokea mara 2 au 3 tu katika kila vipimo 1,000 vya namna hiyo, kwa hiyo 7 iwe alama ya kufaulu. Akiifikia, kipimo kirudiwe siku nyingine na watu wengine kabla ya kusema lolote.

Kwa nini anayekaa na mtoto asijue jibu? Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa Berlin na farasi aliyeitwa Hans, aliyesifiwa kwa kufanya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alisoma miondoko midogo ya mwili wa muulizaji. Muulizaji asipojua jibu, farasi naye hajui. Hakuna aliyekuwa akidanganya kwa makusudi. Mtoto mwerevu husoma uso kuliko farasi, na mwalimu anayempenda atamsaidia bila kujijua: pumzi itakatika kidogo mkono unapofika kwenye kikombe chenyewe.

Makosa mengine tunayataja haraka. Kikombe kilichoguswa zaidi huwa na alama au vumbi tofauti, kwa hiyo vyote vifutwe kila raundi. Sarafu ikiburuzwa mezani husikika, tandikeni kitambaa. Kuchagua namba kichwani badala ya kuchota kofiani ni kosa, kwa sababu watu hupenda 3 na 7 na mtoto anajua hilo. Kusimamisha kipimo mtoto anapokuwa ameongoza, au kufuta raundi "iliyoharibika" baada ya kuona jibu, kunageuza daftari kuwa uongo.

Kwa mtoto anayeponya kwa mikono, mfano mzuri tumepewa na mtoto mwenzake. Emily Rosa, Mmarekani, alikuwa na miaka 9 alipowapima watu wazima 21 waliodai kuhisi nguvu za mwili wa mgonjwa kwa viganja. Waliingiza mikono kwenye matundu ya ubao uliowazuia kuona. Yeye akarusha sarafu kuamua aweke mkono wake juu ya upi kati ya mikono yao, wa kulia au wa kushoto. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44, pungufu hata ya kubahatisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Boksi la sabuni lenye matundu mawili linatosha kurudia kazi hiyo Bahi au Kondoa.

Mtoto anayepimwa awe ameshiba, amelala, na aambiwe kwa maneno mepesi kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Kipimo kisizidi dakika 40 kwa kikao. Kisifanywe mbele ya umati kamwe. Hili tunalisisitiza kwa nguvu zetu zote. Mtu anayemfichua mtoto mnadani, mbele ya waliotoa fedha, anamkabidhi kwa wananchi wenye hasira. Msemaji anajua njia za kutokea, mtoto hajui. Pia mtoto akikutwa anachungulia, asiitwe mwongo. Mwaka 1975 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliwatazama kupitia kioo cha upande mmoja watoto 6 waliosemekana kukunja vijiko kwa kuvigusa tu. Waliona wengine wakivikunja kwa mikono miwili, mmoja akificha mikono chini ya meza na mwingine akitumia mguu. Watoto wale walikuwa wakiwapa watu wazima kile walichotarajiwa kuwapa.

Wapo wasiodanganywa wala kudanganya, ambao ni wagonjwa. Mtoto "anayepanda roho", akakodoa macho bila kuitika, akaanguka, akajikojolea au kung'ata ulimi, kisha asikumbuke kitu, apelekwe kituo cha afya kuchunguzwa kifafa. Dawa zipo, fenobabito ikiwamo, na hunywewa kila siku. Wenye biashara huwakataza watoto hawa dawa ili "nguvu zisiondoke", na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo linaloua. Anayesikia sauti au kubadilika tabia kwa muda mrefu aonwe na wataalamu. Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambako rufaa za namna hiyo zinapokelewa.

Jinsi ya kumtambua mtoto aliyeko kwenye kazi hii: chukueni daftari la mahudhurio na kalenda ya minada ya wilaya, muziweke pamoja. Mtoto mgonjwa hukosa shule siku zozote. Mtoto wa kazi hii hukosa siku za mnada na kesho yake, hasa baada ya mavuno, Juni hadi Septemba, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu. Akirudi analala darasani. Mwalimu aandike tarehe, asimhoji. Atakayemhoji awe mmoja, ofisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, bila mlezi kuwapo, kwa maswali yaliyo wazi: "Siku ya mnada mnaamka saa ngapi? Halafu nini?" Swali la "ni mjomba anakulazimisha, sivyo?" linaharibu ushahidi, na kumhoji mara nne na watu wanne kunaharibu zaidi, kwa kuwa kila mara simulizi hubadilika kidogo na wakili atalitumia hilo mahakamani. Penye jeraha, ichukuliwe PF3, fomu ya matibabu inayotolewa na polisi, lakini mtoto aliyeungua atibiwe kwanza, fomu isimcheleweshe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi inayodhuru afya, elimu au makuzi yake, inakataza kazi za usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inaihesabu migodi kuwa mahali pa hatari kwake. Inampa pia kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Kwa mganga, ulizeni cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ya mwaka 2002 inamtaka asajiliwe, na hakuna usajili wa mganga mtoto. Kesi isimalizwe kwa mlezi kutozwa faini kwenye kikao cha ukoo. Mtoto akirudi nyumba ileile bila chakula, msimu ujao atachukuliwa tena, kwa hiyo ofisi ya ustawi iangalie kwanza kaya inakula nini hadi mavuno. Aliyepoteza miaka ya shule aingizwe MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, na mwenye kipaji cha jukwaa apewe jukwaa la kweli: kwaya, ngonjera, mdahalo, au zeze na ilimba, ambazo Chamwino haijawahi kukosa walimu wake tangu enzi za mwanamuziki Hukwe Zawose.

Kwako Mhariri, tunaomba mambo matatu. Habari ya "mtoto wa maajabu" isichapwe kabla mwandishi hajaona kipimo cha siri kikifanywa, au hajaandika waziwazi kwamba msimamizi amekikataa. Picha na jina la mtoto visitoke kabisa, hata mzazi akiruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na picha ikishasambaa inamfuata mtoto hadi kwenye usaili wa kazi. Na penye habari hiyo, mwandishi aulize maswali ambayo msomaji hawezi kuuliza: mtoto yuko darasa la ngapi, mwalimu wake anasema nini, fedha za kiingilio zinapokelewa na nani. Watu 200 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja ni shilingi 400,000 kwa mchana mmoja. Iandikwe zimeenda wapi.

Ni sisi,
Walimu wa sayansi na maofisa ustawi wa jamii,
Dodoma